Mama Wema na Mipeasi ya Mzee Shemweta

Baba Mchungaji, wazee wangu wa ukoo wa Shemweta, shikamooni, wajomba zetu mliotoka Lukozi, majirani na waombolezaji wote, kwa niaba ya familia nasimama mimi Wema, mtoto wa kwanza wa marehemu, kuwasomea maisha ya mama yetu, na pale nitakapogusa lililouma naomba mnivumilie, kwani mama mwenyewe hakupenda mambo ya kufichaficha.

Marehemu Eliza alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Lukozi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yohane na Bibi Marta, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha mwaka 1978 akapata kazi katika bustani ya matunda ya masista, na huko ndiko alikojifunza kupogoa miti, kazi ambayo wengi siku zile waliiita uharibifu.

Tarehe 12 Januari 1985 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Dotto Shemweta, akaletwa hapa Kwembago, akaikuta mipeasi ya baba mkwe wake imerefuka hadi haipandiki, matawi yamesongamana, matunda madogo kama ndimu, na Julai ya mwaka huohuo, Mzee Shemweta alipoteremkia shamba lake la kijiji cha Mnazi, huko tambarare, mama, kwa ruhusa ya mumewe, akaikata yote, akabakiza mashina na matawi machache.

Mzee aliporudi alikaa chini palepale njiani, siku hiyo hakula, na ukoo ukaitwa. Baba mdogo Nathanieli, ambaye yupo hapa mbele na ameniruhusu nimtaje, alisema wazi kwamba anayekata mti wa mzee aliye hai anamwita kaburini, kwa hiyo mwanamke huyu arudishwe Lukozi, na mtoto aliye tumboni, ndiye mimi, akizaliwa aletwe kwa wenyewe. Mzee akakata shauri kwamba miplamu ya jirani ikimaliza maua kabla mipeasi haijachipua, mama aondoke.

Miplamu ikachanua, mipeasi kimya. Kila asubuhi Mzee alikwenda kuitazama, naye mama, kwa kuwa mkwe haandamani na mkwewe, alibaki mlangoni pa jiko akiutazama ule mgongo ukirudi, akijaribu kusoma habari, nguo zake zikiwa zimekwisha kufungwa kwenye kanga. Aliogopa sana, alituambia. Maua ya miplamu yalipoanza kupukutika, Mzee alirudi kutoka shambani, akaagiza aletewe msumeno wa mama pamoja na tupa. Mama aliamini unakwenda kuvunjwa. Akasikia tupa ikipita kwenye meno ya msumeno, polepole, jino kwa jino, kisha bibi, mke wa Mzee, akamletea ukiwa mkali, akamwambia, "Mzee anasema machipukizi yametoka, na kuna tawi moja umelisahau."

Nilizaliwa tarehe 3 Desemba 1985, akafuata Valentino mwaka 1988 na Happiness mwaka 1993. Mama alipogoa miti ya matunda ya watu hadi Lukozi na michongoma ya nyumba za maofisa mjini Lushoto, na ingawa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, yeye akisifiwa alikwenda kunoa msumeno.

Mwaka 2023 alianza kuvimba miguu, akagundulika ana ugonjwa wa moyo, akatibiwa hapa wilayani na baadaye hospitali ya rufaa, hadi Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025 alipofariki dunia. Mwaka huu hakupogoa, na swali lake kitandani lilikuwa kama miplamu imeshachanua. Imechanua. Lakini kwa desturi yetu chuma hakiingii shambani mpaka matanga yaondolewe, na jana kikao kilivutana vikali, wengine wakisema tungoje, nami nikajibu kwa hasira ambayo leo siijutii, kwa sababu tukingoja msimu unapotea, na mipeasi hiyo ndiyo iliyomweka mama katika nyumba hii. Tulitawanyika bila kuafikiana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, kwaya, na wote aliofanya nao kazi. Tunamshukuru pia baba mdogo Nathanieli, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, kwani leo asubuhi, kabla jeneza halijafika, alikuja jikoni kwa mkongojo wake, akaniomba tupa.

Kesho tunapogoa. Mama, msumeno umeshanolewa, pumzika sasa kwa amani.