Tata Kalumba na Nguzo ya Upande wa Stoo

Tarehe 31 Julai, mzee wetu, Tata Josias Kalumba, anastaafu baada ya kuutunza uwanja wa mpira wa kikapu wa BC Nyota ya Manika kwa miaka ishirini na sita. Aliukuta una pete moja na hauna ukuta. Anauacha una ukuta, na pete mbili zilizonyooka. Kunyooka huko kuna kisa chake.

Wachezaji wa kila kizazi wanakumbuka ufito alioukata sawasawa na kimo cha pete. Kila asubuhi aliusimamisha chini ya pete zote mbili kuona kama hazijashuka, ndipo akafagia vumbi jekundu. Aliyefunga kisha akaning'inia kwenye pete alisikia maneno yale yale: "Cercle haiko kamba ya kuanika manguo, mutoto wangu."

Kisha ukaja msimu huu. Wachezaji wetu wakubwa walikwenda Lubumbashi, vijana wakachukua nafasi zao, na kocha Lucien akatuambia tunajenga upya. Tulipoteza nyumbani, tukapoteza ugenini, na kadiri tulivyopoteza ndivyo tulivyochunguzana. Mechack, nahodha, alianza kuja na maji yake kutoka kwao, akihofia kutiliwa dawa. Kocha akaacha kueleza mipango yake mlango ukiwa wazi. Kwamba tulikuwa tunacheza vibaya, hakuna aliyelisema. Lilikuwa jibu rahisi mno.

Ndipo Tata Kalumba alipoonekana akichimba kwenye mguu wa nguzo ya upande wa stoo. Alifukia kitu, akashindilia kwa mguu, akafagia juu yake. Mechack alimwuliza mbele ya wote:

"Tata, unazika nini pale?"

"Mi nazika makelele yenu," alijibu, akaendelea na ufagio.

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika jioni. Wengine walisema ni dawa ya kuifunga timu. Wengine, kwa kuwa hapa Kolwezi mtu huweza kuchimba kobalti hata sebuleni kwake, walisema mzee amepata jiwe na analificha. Kamati ikaamua nguzo ichimbuliwe, ushahidi utolewe, naye aende zake bila sherehe wala cheti.

Kocha na Mechack walichimba wenyewe. Walitoa mawe, zege na vipande vya nondo. Chini yake palikuwa patupu. Mtu alikuwa amepitisha njia chini ya uwanja akifuata madini, kama wafanyavyo wachimbaji tunaowaita creuseur, na nguzo ilikuwa inazama. Tata Kalumba alikuwa akijaza lile shimo na kuinyoosha nguzo, peke yake, huku tukimwita mchawi.

Mechack alimwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema kuko shimo, kesho bacreuseur bote bako hapa na masepetu. Mungechezea wapi?"

Msimu mzima tulitangaza kwamba tunajenga. Aliyejenga alikuwa mmoja.

Sasa shimo limejazwa zege hadi juu, ndiyo maana naweza kuandika habari zake. Ila njia ile haikutoka kwa majirani. Ilianzia ndani ya stoo yetu wenyewe, chini ya magodoro ya mazoezi, na Tata Kalumba hakuwahi kupewa ufunguo wa stoo. Ufunguo unakaa kwa kamati. Hakuna kikao kilichouliza ni nani aliyeutumia, na waliokuwa wepesi kumshuku mzee wamekuwa wazito ghafla. Mwenyewe akiulizwa anaigonga nguzo na kusema, "Mi nilikuwa mulinzi wa poteau, haiko wa batu." Sawa. Kazi hiyo ya pili anatuachia sisi, na tutakuwa tukiuangalia mlango wa stoo kwa makini kuliko ubao wa pointi.

Tata Kalumba anarudi kwao Mutshatsha, kwa mkewe, Mama Marlène, kulima mihogo. Ufito wake anamwachia Mechack, ambaye ameanza kupimia pete kila asubuhi bila kuambiwa.

Asante, Tata, kwa uwanja uliobaki uwanja. Tunakutakia udongo laini, mvua isiyochelewa, na majirani ambao wakikuona unachimba hawatakuuliza unazika nini.