Makopo ya Chini

Fundi cherehani hakutega sikio. Maneno ya wanawake wawili waliokutana humo basini yalimfuata yenyewe kiti cha nyuma.

"Naenda kulazwa," alisema mwenye begi, dirishani. "Nimepika maharage, nimeyatia makoponi, nimejaza friza mpaka mlango unagoma."

"Si umesema wiki ijayo unatoka? Yote hayo ya nini? Unajichuria mkosi, dada!"

Fundi akaguna. Kumkaripia mgonjwa ni rahisi kuliko kumlilia.

"Makopo ya juu nimeyaunga vizuri, na nazi. Ya chini nimeyapika chapwa, kama apikavyo baba yao. Wanangu wazoee polepole."

"Wazoee nini?"

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mwenye begi akainuka.

"Nipishe, dada."