Mimba za Panya Weupe

Ukitoka stendi ya Karatu ukashuka kama unaelekea sokoni, utakuta benchi la mbao limeegemea ukuta wa duka la pembejeo, na mbele yake jiko la mkaa la Leonida, mama wa kahawa. Asubuhi magari ya watalii yanapita hapo mbio kuwahi geti la Ngorongoro, vumbi jekundu linatua kwenye vikombe, na hakuna anayelalamika. Benchi lina wenyewe. Joseph, dereva wa watalii ambaye msimu huu hajapata safari, anaitwa Profesa, kwa kuwa kila alichowahi kusikia kwa mgeni anakitoa kama somo. Lekoko, mchuuzi wa ng'ombe, anaitwa Spika; hakuna anayemaliza sentensi bila ruhusa yake. Naye mzee Yohani wanamwita Baba Panya. Kwa miaka kumi na moja alisafisha vizimba vya panya weupe katika maabara moja ya utafiti, akastaafu na heshima ambayo hakuna mwingine hapo anayo: anapozungumzia panya, anasikilizwa.

Ndiyo maana Jumanne ile Tluway, mkulima wa ngwara, zao la jamii ya maharage, kutoka Buger, aliagiza kahawa na kukaa karibu naye. Mkononi alikuwa na chupa ya dawa ya kuua wadudu, imefungwa kwenye gazeti. Muuza duka alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi, dawa hiyo ilipimwa kwa panya wenye mimba na wakazaa salama. Lakini wiki iliyotangulia nesi wa zahanati alikuwa amemwambia kwamba mama mjamzito akae mbali kabisa na dawa za shambani. Mkewe, Penina, alikuwa na mimba ya miezi minne. Mwaka jana mimba nyingine ilitoka ikiwa na mitano, na hakuna aliyewaeleza kwa nini. Tluway alikuwa amechoka kubeba maneno mawili katika kichwa kimoja.

Hata hivyo hakusema ni mkewe. Alisema ana jirani ambaye mkewe ni mjamzito.

— Ana jirani, Lekoko aliwatangazia wenzake, nao wakatikisa vichwa kwa upole. Wote walimjua huyo jirani.

Mzee Yohani alipuliza kahawa yake, akaeleza taratibu. Panya majike wanapandishwa, kisha wanagawanywa makundi. Kundi moja halipewi dawa, mengine yanapewa kidogo, wastani na nyingi, kila siku. Mimba ya panya ni wiki tatu tu. Siku moja kabla ya kuzaa wengine wanapasuliwa, vitoto vinahesabiwa, vinapimwa uzito, vinaangaliwa mifupa, moyo, kila kitu. Wengine wanaachwa wazae, na watoto wao wanakuzwa mpaka nao wazae, ili ionekane kama ubaya umejificha kizazi cha pili.

Lekoko alisikitika kusikia mimba ya wiki tatu. Alisema wahenga walishaonya, haraka haraka haina baraka, ndiyo maana hakuna panya aliyewahi kufika popote. Kwa maoni yake dawa ingepimwa kwa ng'ombe. Ng'ombe anabeba miezi tisa kama mwanamke, na akiharibikiwa mwenye nyumba analia kweli.

— Panya akitoa mimba nani analia? aliuliza. Kuna mtu ametoa mahari ya panya?

Joseph alikuwa na wazo kubwa zaidi. Alidai panya wa maabara hana tofauti na mgeni wa loji: chakula kinapimwa, maji safi, joto la chumba halibadiliki, analala fulubodi, malazi na milo yote humohumo. Panya wa Karatu anakula maharage, sabuni, kamba za viatu, na sumu ya panya anaifanya kachumbari. Sasa kama yule laini wa fulubodi amezaa salama, mwanamke wa Buger anayebeba kuni na maji mlimani si ndiyo zaidi? Mwenda pole hajikwai, alimalizia, na hakuna aliyeona methali hiyo imeingilia wapi.

Lekoko akaongeza kwamba hata hivyo upimaji wote huo haufai, kwa kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na panya hakupimwa kulea. Joseph akapanda juu zaidi. Alisema siku hizi huko Ulaya wameanza kupima kwa kompyuta badala ya panya, na kompyuta ikikubali, dawa inakuja. Kwa hiyo hatuwezi kujua kama hiyo chupa ilipimwa kwa kitu chenye tumbo.

Baba Panya aliona mada inamtoroka. Alinyanyua kidole.

— Sikilizeni. Wakipata kiwango ambacho hakikumdhuru panya, hawakupi hichohicho. Wanakigawa kwa mia. Kumi, kwa sababu mtu si panya. Kumi nyingine, kwa sababu mtu na mtu hawafanani.

Ilikuwa elimu nzuri, na benchi liliiharibu kwa muda wa nusu kikombe. Joseph alipiga hesabu kwa vidole, akatangaza kwamba basi jirani ana nafasi ya mara mia: anaweza kuzidisha dawa mara mia na asifike alipofika panya. Lekoko aliunga mkono, akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo hata maji ya kuchanganyia si lazima yawe mengi. Mzee Yohani alijaribu kusema kwamba hiyo mia si posho ya mtu kuitumia, lakini Spika hakumpa nafasi.

Tluway aliisikia hiyo mia ikimshukia mabegani kama blanketi. Maelekezo ya dawa yalisema kifuniko kimoja kwa bomba la kupulizia. Yeye alizoea kutia viwili, na cha tatu cha kumwonya mdudu. Vitatu ni mbali na mia. Tena Penina hakuwahi kushika bomba hata siku moja. Kwa mara ya kwanza tangu waende zahanati, kahawa ilimteremka vizuri.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mama mmoja kutoka Sale, jina lake Nanyori, aliyekuja kununua dawa ya kupe na sasa anasubiri gari la Wasso. Lekoko alikuwa amemsalimu kwa Kimaasai alipofika, “Takwenya,” naye akaitikia, “Iko,” basi. Tangu hapo hakuna aliyemkumbuka. Sasa aliweka kikombe chini.

— Samahani, baba zangu. Huyo jirani akishapiga dawa, nguo zake anafua nani?

Leonida aliacha kupepea moto. Lekoko alilitazama lori la vitunguu lililokuwa likipita, akalisindikiza kwa macho mpaka likaisha. Joseph alianza, “Kule Ulaya,” akainama kufunga kamba za viatu.

Mzee Yohani ndiye aliyesema, bila kumtazama mtu, kwamba kule maabara koti lake lilikuwa halitoki nje. Alilivua mlangoni, likafuliwa hukohuko kwa mashine. Palikuwa na mwenzake, Antonia. Siku aliposema ana mimba, mkubwa wao alimhamishia ofisini kabla ya saa ya chai.

— Nimesimulia habari za panya miaka yote hii, alisema. Hiyo sijawahi kuitia humo.

Tluway hakumaliza kahawa.

Alipofika Buger jua lilikuwa la mchana. Penina alikuwa ameinama penye bomba la maji, beseni mbele yake, mikono imezama mpaka viwiko katika shati na suruali alizopigia dawa Jumamosi. Tluway alimwomba ainuke. Alilibeba beseni mpaka nyuma ya zizi, mbali na maji ya kunywa, akarudi kuomba kipande cha sabuni. Jirani wa kweli, aliyekuwa akichambua mboga ng'ambo ya ua, aliacha kuchambua.

— Umeambiwa nini huko mjini? Penina aliuliza.

— Sijaambiwa. Nimeulizwa.

Alimweleza swali lenyewe. Penina alisimama akisikiliza, kisha akafungua maji, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akaifuta kwa kanga safi. Alikaa kwenye kigoda upande ambao upepo ulikuwa unatokea.

— Hata mwaka jana nilikuwa nafua, alisema.

Tluway alikuwa amekwisha kuchutama mbele ya beseni. Alichukua kola ya shati, akaanza kuifikicha.