Orrin Lindvall na Watu Kumi na Mmoja wa Kambare

Jumanne, tarehe 12 Oktoba 2021, saa nne asubuhi, nilikuwa jikoni kanisani nikimenya matufaha ya karamu ya mavuno, simu ikalia. Alikuwa Joleen, binti wa kaka yangu. "Shangazi," akasema, "Baba ametutoka." Nilikaa chini. Mungu anisamehe, kabla ya machozi nilikumbuka ile karatasi aliyonikabidhi.

Orrin August Lindvall alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa Saline Fork, Kansas, mtoto wa kwanza wa August na Hilma Lindvall. Mimi, Verna, nilimfuata baada ya miaka sita. Alibatizwa katika kanisa hili hili.

Alisoma shule ya chumba kimoja ya Plum Creek, kisha sekondari ya hapa mjini, akamaliza Mei 1956. Hesabu zilimshinda, lakini wanyang'anyi wa benki na treni za kwanza aliwasimulia kana kwamba alikuwapo. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Anajua mengi, na mengine anayaongeza."

Mwaka 1949 baba yetu alichukua saruji iliyobaki lilipojengwa ghala la nafaka, akatengeneza sanamu ya kambare yenye urefu wa futi thelathini na nne, mdomo wazi, ili magari yasimame kwenye kituo chake cha mafuta. Yakasimama. Orrin alikiendesha kituo hicho kuanzia 1958 hadi 2003, na hakuna msafiri aliyeondoka na mafuta bila hadithi. Aliwaelekeza pia kwenye vioja vya miji mingine: bonge la uzi refu kuliko mtu, kiatu kikubwa kama nyumba.

Tarehe 17 Juni 1961 alimwoa Darlene Vopat. Alimposa wakiwa ndani ya mdomo wa kambare, wakijikinga na mvua. Darlene alikuwa akisema alikubali upesi kwa sababu mle ndani mlikuwa na nyigu. Walijaliwa watoto wawili, Curtis na Joleen. Darlene alitangulia mwaka 2014.

Kila asubuhi Orrin alikunywa kahawa mgahawani, kwenye meza yenye kibao "Meza ya Waongo". Sisi wa hapa tunajua kwamba linalosemwa pale halishikwi kuwa kweli. Hapo ndipo alipozua kwamba katika mafuriko ya 1951 watu kumi na mmoja waliokoka juu ya mgongo wa kambare.

"Mbona mwaka jana walikuwa saba?" rafiki yake Wendell Rasch akamchokoza.

"Wamezaana, bwana. Maji yalikaa muda mrefu."

Siku moja mwaka 1994, mgeni aliyekusanya historia za barabara aliketi meza ya pili na kuandika kila neno. Hakuna aliyemwambia kibao kile kina maana gani. Mwaka uliofuata bamba la shaba likasimikwa mbele ya kambare: watu kumi na mmoja. Orrin alicheka wiki nzima. Kisha watoto wa shule wakaanza kuletwa kulisoma, akaacha kucheka. Mara mbili alisema ukweli pale mezani, na mara mbili meza nzima ikaangua kicheko. "Hiyo ndiyo kali kuliko zote, Orrin!"

Sasa barabara inataka kupanuliwa, na kambare yumo njiani. Hajaguswa kwa sababu tu bamba lile linamfanya kumbukumbu ya historia, na kikao cha kuamua kama atabomolewa ni tarehe 9 Novemba.

Moyo wake ulianza kudhoofika Februari 2019. Mwezi uliopita, akiwa kitandani, alinipa karatasi.

"Verna, uisome siku ya mazishi."

"Watambomoa kambare wa Baba, kaka. Kwa nini usiseme mwenyewe?"

"Nimesema, wakacheka. Mbele ya jeneza hawatacheka. Siwezi kwenda kwa Bwana nikiwa na watu kumi na mmoja ambao hawakuwapo."

Nimeomba siku nne. Nasoma kama alivyoandika: "Maji ya 1951 hayakufika barabarani. Hakuna aliyeokolewa. Nilipanda juu ya kambare kutazama mto, nikaanguka, nikavunjika mkono. Basi. Naomba radhi."

Sijui kitakachompata kambare. Naogopa, lakini nimesoma.

Orrin ameacha watoto wake Curtis na Joleen, wajukuu watano, kitukuu mmoja, nami mdogo wake.

Jana alasiri, kabla jeneza halijafungwa, nilimwonyesha Wendell karatasi hii. Alisoma, akatabasamu. "Huyu mzee! Hata humo sandukuni anatutania."

"Wendell," nikamwambia, "tupo kanisani."

Akasoma tena, safari hii polepole. Akavua kofia, akasogea, akaweka mkono wake juu ya mikono ya Orrin.

"Haya, Orrin," akasema. "Tumekuamini."

Curtis na Joleen wakambusu baba yao kwenye paji la uso. Nikamnyooshea kola ya shati. Mchungaji akaomba, kifuniko kikafungwa.

Bwana ampokee kaka yetu, ampumzishe kwa amani, na ulimi wake nao upumzike.