Saksafoni Bila Chupa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata na nyinyi mnaokaa karibu na mlango ili mtoke mapema. Hapo ndipo palikuwa pangu.

Naitwa Karis, wa hapa mtaa wa Tena, mpiga saksafoni. Wengi mnanijua kama yule aliyemchosha pasta kwa maswali kwenye mafunzo ya ubatizo, kisha akakataa kubatizwa.

Nikiwa chuo kikuu nilisoma maisha ya wanamuziki wakubwa wa jazi. Huyu alikuwa mlevi, yule alijidunga sindano, mwingine alikufa akiwa bado kijana. Badala ya kuogopa, nikaamini kwamba kipaji hakiji bila hayo. Mimi niliyehoji kila kitu, ndugu zangu, hilo sikulihoji hata siku moja. Nikaanza na kikombe kimoja cha pombe kabla ya kupanda jukwaani. Miaka mitatu baadaye mikono ilitetemeka nisipokunywa, na kiongozi wa bendi yetu akanipa onyo la mwisho. Nikiendelea kunywa, nafukuzwa. Nikiacha, niliamini sitaweza kupiga tena.

Ndipo mpiga kinanda wa kanisa hili akasafiri. Mama yangu akaniambia, "Njoo utusaidie Jumapili. Lakini ukikunywa, usikuje."

Nikaja mkavu, bila tone la pombe, natetemeka. Sasa mnajua mapambio ya hapa. Hakuna karatasi, wala hakuna anayekwambia wimbo unaanzia sauti gani. Mama Shiro, anayeuza sweta za mitumba soko la Gikomba, hufungua mdomo tu, na mpigaji amtafute. Nilimtafuta nikamkosa. Nikapuliza kwa nguvu zaidi ili yeye anifuate mimi. Watu wakaanza kugeuka. Akanisogelea huku akipiga makofi, akaninong'onezea, "Kijana, hii si mnada. Nyamaza kwanza, unisikize."

Nikanyamaza. Ubeti mzima nilisikiliza tu. Kisha nikaingia polepole, chini ya sauti yake, nikampata. Akapanda, nikapanda naye. Tulipomaliza pambio la tatu nilitazama vidole vyangu. Vilikuwa vimetulia.

"Kumbe hiyo bomba yako inaweza kuomba," akasema.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba kiu iliisha siku hiyo. Jumatatu ilirudi na nguvu zake zote. Nikakimbilia Gikomba. Mama Shiro akanikalisha juu ya bale ya nguo, akanipa sweta nikunje, akaanza kuimba. Nilikunja hadi jioni. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa yake pia.

Nikavifungua tena vile vitabu vya wanamuziki wa jazi. Kumbe kulikuwa na kurasa nilizoziruka, za waliofanya mazoezi kutwa, na za walioacha ulevi wakapiga vizuri kuliko zamani.

Juzi tulipiga jazi kwenye arusi, mchana. Kiongozi wa bendi akaniuliza, "Buda, leo umemeza nini? Nataka hiyo pia."

"Chai ya maziwa."

Akacheka. Aliponiona sicheki, akaniuliza niliachaje, nami nikamweleza kama ninavyowaeleza nyinyi.

Namshukuru Mungu. Bado nina maswali, na pasta anayajua yote. Lakini wewe unayedhani bila chupa huwezi kitu, njoo na shaka zako. Mwamini Mungu kwa siku hii moja tu. Ya kesho tutaikabili pamoja. Naishi jengo la nyuma ya kanisa hili, ghorofa ya pili, mlango wa kijani, na saa kumi na mbili asubuhi huwa nimeshaamka. Gonga.