Makofi Yaliyokuwa ya Mama Agutu

Mheshimiwa Diwani wetu; Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mzee Chenge; Ndugu Afisa Elimu wa Kata; walimu wenzangu; wazazi wa hapa Kiseke nanyi mliotoka ng'ambo, Sengerema; wanafunzi; na wewe ambaye kwa ajili yako tumefunga maturubai haya, Mama Rose Agutu. Wazee wangu wote, shikamooni. Wengine, habari za mchana.

Ratiba mliyonayo inasema kwamba sasa Mkuu wa Shule atatoa nasaha kwa mstaafu. Niliziandika, kurasa tatu, na nimeziacha ofisini. Mtu wa miaka hamsini na moja atamnasihi nini mama aliyelala bweni moja na mabinti wa watu kwa miaka ishirini na miwili, akiwapima homa kwa kiganja, akiwapokea wakilia na kuwaaga wakicheka? Badala yake nitawasimulia habari ya lile onesho la okestra la mwaka juzi, pale kando ya ziwa. Wengi wenu mlikuwepo. Mlichokiona siku ile hakikuwa kweli, na aliyewadanganya ni mimi.

Nianze nyuma kidogo. Evelina Masalu alipoletwa hapa kidato cha kwanza, hakula kwa siku mbili. Alikuwa hajawahi kulala mbali na mama yake. Mama Agutu, matroni wetu, alikuwa na fidla yake aliyojifunza kupiga usichanani, kanisani kwao Rorya. Jioni moja alimwita Evelina pale kwenye makaro ya kufulia, akamkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa, akampigia. Siku ya tatu yule binti akaomba kuishika. Basi ikawa ndiyo desturi yao: nguo zikishaanikwa, fidla inatoka.

Nami nilifanya nini? Nilimwita Mama Agutu ofisini, na sikumkaribisha kiti.

"Mama," nikamwambia, "umeajiriwa kuangalia bweni. Hapa ni shule, siyo ukumbi wa harusi."

Akasema, "Sawa, Mkuu. Basi naomba niwe namchukua Jumapili, baada ya ibada. Kule Igogo kuna vijana wana okestra."

Nikamjibu kwamba mambo ya Jumapili yake hayanihusu, na ili yasinihusu zaidi, nikamwandikia barua ya onyo. Walimu wenzangu, mlikuwa hamjui habari za barua hiyo. Sasa mmejua. Kwa miaka mitatu mama huyu alikuwa anatumia siku yake pekee ya kupumzika kumpeleka mtoto wa mwenzake Igogo na kumrudisha, huku jalada lake likiwa na karatasi yenye saini yangu inayosema ni mtumishi asiyezingatia majukumu.

Ndipo ikafika Julai ile, katikati ya kiangazi. Mnaukumbuka upepo wa siku ile? Ulikuwa unapeperusha karatasi za muziki, mpaka wapigaji wakazibana kwa vibanio vya nguo, na vibanio hivyo alikuwa amevileta Mama Agutu kutoka kwenye kamba zetu. Sisi wageni rasmi tulikaa mbele, kwenye viti vyenye vitambaa. Yeye alisimama pembeni, nyuma ya wapiga tarumbeta, amekumbatia masweta ya wasichana.

Okestra ilipiga vipande vinne, kisha kiongozi wao akamwita Evelina mbele, peke yake, apige vipande viwili. Sitasahau. Wauza karanga waliacha kutembea. Mheshimiwa Diwani aliweka simu mfukoni, naye akiniruhusu kusema, hilo si jambo la kila siku. Yule binti alianza na wimbo laini, unaorudi rudi kama mtu anayebembeleza, na ulipokwisha yakalipuka makofi ambayo sijawahi kuyasikia hapa Mwanza kwa mtoto wa shule.

Mshereheshaji akauliza kwenye kipaza sauti, "Aliyemfundisha binti huyu yuko wapi? Asimame tumwone."

Mzee Chenge, uliyekaa kulia kwangu, ulinigusa bega kwa nia njema kabisa. Ukasema, "Simama, Mkuu. Binti si ni wako?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilimwona Mama Agutu. Nilimwona akiweka masweta chini, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuitwa. Ilitosha nigeuke na kunyoosha mkono kule alikosimama. Nilisimama mimi. Nikapunga mkono. Na kama hilo halikutosha, nilipoletewa kipaza sauti nikakipokea, nikasema, "Kipaji hiki tulikiona tangu kidato cha kwanza, tukakilea." Mtu akauliza ni wimbo gani ule. Nikasema ni wimbo wa shule yetu. Wasichana wa bweni waliinamisha vichwa, kwa sababu wao waliujua. Ni wimbo wa Kijaluo ambao Mama Agutu huwaimbia wakiwa na malaria.

Haya yangeishia hapo, labda ningejidanganya kwamba ni ulimi umeteleza. Lakini baada ya onesho alinijia mama mmoja, ametoka Sengerema kwa kivuko alfajiri, amebeba kindoo cha michembe. Alikuwa Mama Ng'washi, mama yake Evelina, ambaye leo yupo pale, safu ya tatu. Ni mkubwa kwangu kiumri, lakini yeye ndiye aliyeniamkia. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Mwanangu aliniambia kuna mtu anamfundisha hicho kinanda chake cha nyuzi. Sina cha kukupa. Nimekausha hivi viazi kwa mikono yangu." Nami nikaitikia marahaba. Nikapokea. Evelina alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, fidla mkononi, ananitazama, na alikuwa amefunzwa adabu nzuri mno hata asiweze kunisahihisha. Michembe ile tuliila nyumbani kwangu na chai, wiki nzima. Mama Ng'washi, haikuwa yangu. Uliileta kwa mama huyu aliyekaa hapa mbele, na nilikuibia wewe na nikamwibia yeye kwa mkono mmoja.

Nilikaa na jambo hili karibu miaka miwili. Lilipokuja jalada la Mama Agutu mezani ili niandae kustaafu kwake, nikaikuta barua yangu ya onyo, nikashindwa kuendelea. Nilimfuata bwenini. Alikuwa anakunja mashuka. Nikamwambia yote, nikamuuliza, "Mama, siku ile mbona hukusema? Watu wangekusikiliza."

Hakuacha kukunja. Akasema, "Mkuu, Evelina alikuwa bado na kipande cha pili. Ningeanza kubishana na wewe pale, mikono ingemtetemeka. Na kile cha pili ndicho kilikuwa kigumu."

Basi. Wakati mimi natafuta makofi, yeye alikuwa anafikiria mikono ya mtoto. Na ni kweli, kile cha pili Evelina alikipiga bila kukosea, na ndicho kilichowavutia waliomfikisha chuoni anakosomea ualimu wa muziki. Nilimpigia simu wiki iliyopita kumwomba radhi. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, mimi nilikuwa nashukuru tu kwamba Mama Agutu hakusema. Lakini mama yangu hajui. Kamwambie." Nimemwambia leo, mbele yenu, kwa sababu uongo nao niliusema mbele yenu.

Barua ya onyo nimeifuta kwa maandishi, na nakala ya kuifuta anayo Ndugu Afisa Elimu. Kwa miaka ile mitatu ya Jumapili sina maandishi yanayoweza kufanya lolote.

Mama Agutu, kesho kutwa unarudi Rorya, na nimesikia kanisa lenu tayari limekuandalia watoto tisa. Wamepata mwalimu. Mimi nimekukosea, na nakuomba radhi. Ila sikuombi unijibu hapa. Najua ilivyo vigumu mtu kukataa akiwa anatazamwa na watu mia tatu, na sitaki kuchukua kitu kingine kutoka kwako hadharani. Ukipenda kunisamehe, ni siku yako utakayoichagua. Usipopenda, nitaelewa, na nitakuheshimu vilevile.

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti, wazee wangu na ndugu zangu, nawashukuru kwa kunivumilia hadi mwisho. Nakaa chini. Kipaza sauti hiki naomba apelekewe Mama, kama ana la kusema.