Peris Mkawasi Kitonga, Aliyeotesha Karoti Kwenye Joto la Voi

Mchungaji, wazee, shemeji zetu wa ukoo wa Kitonga, na nyote mliokesha nasi wiki hii, mimi ni Gibson Mwadime, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, nami nitayasoma kwa maringo kidogo, mnivumilie.

Peris alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Ronge, mtoto wa pili wa Mzee Festus Mwadime na Mama Pauline, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1975 hadi 1982, kisha sekondari Wundanyi hadi 1986, akaingia chuo cha kilimo 1988 na kuhitimu 1990. Mwaka uliofuata serikali ilimwajiri kuwa afisa wa kilimo hapa Voi, akalalamikia joto la huku mpaka alipokutana na Titus Kitonga, fundi wa reli, ndipo akanyamaza. Walifunga ndoa kanisani tarehe 17 Desemba 1994, na Mungu akawajalia Carolyne mwaka wa 1996 na Morris mwaka wa 1999.

Kazini, kilichomkosesha raha ni karoti, kwani mbegu ile ile iliyoota vizuri kwetu milimani ilikataa kabisa kuota hapa chini mwezi wa Februari, udongo ukiwa moto, na kina mama wa kikundi cha Mbololo walikaa tu wakinunua mboga za milimani. Yeye akashikilia kwamba mbegu ikilowekwa usiku mmoja, ikaopolewa kabla haijachipua, ikakaushwa kivulini na kupandwa, itawahi kuota kabla joto halijaizima.

Februari 2011 kikundi kilimkabidhi mbegu yote ya msimu, akailoweka, akaianika kivulini juu ya shuka, akaenda kazini, na mama mkwe wake, Mama Mumbe, alipoona shuka limelowa akamhurumia mke wa mwanawe, akaihamishia yote juu ya mabati, kwenye jua kali. Haikuota hata moja. Peris aliitwa mkutanoni, akasemwa, akaambiwa aachane na mashamba ya watu, naye akameza lawama zote bila kumtaja mama mkwe, mpaka Mama Mumbe mwenyewe aliposimama na kusema kwamba aliyekaanga mbegu ni yeye, si huyu mtoto wa watu, na apewe nafasi nyingine. Walipewa tuta moja tu, wakapanda pamoja, karoti zikatoka, na tangu siku hiyo hawa shemeji zangu hudai kwamba Peris alizaliwa kwao Ukambani.

Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na saratani, akatibiwa Voi na baadaye Mombasa, na Februari mwaka huu wa 2024 kikundi kililoweka mbegu bila yeye kwa mara ya kwanza. Dada yangu aliogopa, nasema wazi, tena hakuogopa kifo, aliogopa kazi yake isife naye, hivyo kila aliyeingia wodini aliulizwa habari za karoti kabla hajakaa, na tukimwambia zitatoka tu, alikasirika, akataka ukweli. Tarehe 26 Februari Mama Mumbe, ambaye magoti yake hayamruhusu hata kufika kanisani, alisafiri hadi Mombasa, akaketi kando ya kitanda, akamwambia zimeota mistari yote, na kwamba yeye alishinda kivulini na kiti chake akilinda mbegu zisiguswe na mtu. Peris alicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Alitutoka alfajiri ya Jumamosi, tarehe 2 Machi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Voi na Mombasa, wenzake wa idara ya kilimo, majirani wa Mbololo, na kina mama wa kikundi, ambao leo wameniambia niwasomee sentensi moja tu kutoka kwao, kwamba mwaka ujao watapanda tena.

Umesikia, Peris, kazi yako ina wenyewe, basi pumzika, dada yangu, pumzika kwa amani.